Dirisha la Kuonea Viatu

Daktari Inkeri Sohlman alilala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko la Arvi Kettumäki, Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, na hakuinuka kwa robo saa nzima.

Arvi alikuwa amesimama na birika mkononi. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Mwashi. Katika maisha yake alikuwa ameona watu wakilala sakafuni kwa sababu mbili tu, ulevi na kifo. Huyu mama mlevi hakuwa, maana alikuja akiendesha gari. Basi akasubiri. Alipoona vidole vyake vikicheza ndani ya soksi, akamimina kahawa.

"Mzee Arvi," sauti ikatoka chini. "Hili dirisha."

"Eeh."

"Liko magotini."

"Eeh."

"Nyumba zote kumi na mbili nimezikagua. Hakuna nyingine yenye dirisha kama hili. Kwenye michoro halipo. Nani aliliweka?"

Kwa watu wa Kuusijoki, mji ule mdogo wa kiwanda, swali halijibiwi papo hapo kana kwamba mtu anafukuza nzi. Swali huachwa lipoe kwanza. Arvi akaweka birika chini. Akasogeza kikombe. Akakata mkate wa iliki. Alikuwa keshafungua mdomo, jibu liko ulimini, Daktari Inkeri akainuka ghafla, vumbi kifuani, macho yanamlengalenga machozi.

"Nimeelewa," akasema. "Usiseme, mzee wangu. Hata yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kusema."

Akatoa stika ya kijani mkobani, akaibandika kwenye fremu ya dirisha. Akanywa kahawa yake, akashukuru, akaenda kubandika stika nyumba ya pili.

Huyo yeye mwenyewe alikuwa Ragnar Löfhjelm, msanifu majengo, aliyefariki miaka thelathini iliyopita. Ndiye aliyechora zile nyumba kumi na mbili za matofali, zimeungana safu moja, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Hiyo ilikuwa mwaka hamsini na nne. Alipokuwa hai watu walimlaumu kwa sababu mapaa yake yalivuja. Sasa wasomi wa mji mkuu walikuwa wamegundua kwamba alikuwa mtu mkubwa, na kuvuja kwenyewe kulikuwa na maana. Daktari Inkeri, daktari wa usomi, si wa tiba, alikuwa amefuatilia maisha yake kwa miaka kumi na mmoja. Alijua idadi ya kofia zake. Alijua jino lipi lilimuuma alipochora maktaba ya mjini. Na sasa bodi ya makumbusho ya Kuusijoki ilimwomba apite nyumba kwa nyumba na stika zake, kwa sababu nyumba zilikuwa zinarudishwa kama Löfhjelm alivyozichora. Chenye kijani ni chake, kinabaki. Chenye nyekundu kimekuja baadaye, kinang'olewa.

Jirani, Saimi Hyvättinen, alipata nyekundu kumi na tisa. Baraza yake ya vioo, nyekundu. Mlango wa paka, nyekundu. Ndoano ya kutundikia koti la marehemu mumewe, nyekundu.

Arvi alipata kijani karibu kila mahali. Si kwa ujanja. Hakuwa mtu wa kubadilisha vitu.

Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, huko Karelia, kabla mpaka haujahamishwa na vita. Vita ilipokuja alikuwa na miaka minane. Walisafiri kwa behewa la ng'ombe, yeye, mama yake na ng'ombe. Shule alisoma majira mawili ya baridi. Majira ya tatu, shule iligeuzwa hospitali ya majeruhi, na baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena. Akashika mwiko. Alipofika miaka ishirini na mitatu alikuwa anapanga matofali ya nyumba hizi hizi, hakujua kwamba katika moja ataishi yeye.

Löfhjelm alimwona mara moja. Msanifu alikuja kwenye ujenzi na koti jepesi, akasimama nyuma yake muda mrefu. Halafu akasema, "Samahani, unanizibia." Arvi akasogea. Wakaishia hapo.

Daktari Inkeri aliyanasa hayo kwenye mashine yake ya sauti. Akamrudishia asikie mara tatu. "Alisema kwa huzuni, mzee wangu, au kwa kawaida tu?"

Arvi alifikiri. "Alikuwa na mafua," akasema.

Hilo nalo likaandikwa.

Dirisha lilikuwa na habari yake. Lempi, mke wa Arvi, alikuwa mfupi, na mgongo wake uliharibika mapema kwa kubeba mizigo kiwandani, kitengo cha mifuko. Akimenya viazi alikaa kwenye kigoda, huo ndio mkao ambao mgongo uliukubali. Akikaa kwenye kigoda, mbele yake ukuta. Siku moja ya mwaka sitini na moja alisema, "Arvi, nimechoka kuangalia tofali."

Hakuongeza neno. Arvi alilifikiria wiki mbili. Jumamosi moja ya mwezi wa nane Lempi alikwenda msituni kuchuma matunda, Arvi akachukua patasi na nyundo. Kioo alikitoa kwenye basi lililokuwa limeanguka mtaroni karibu na daraja. Pembe zake zilikuwa za mviringo, kama madirisha ya mabasi yalivyokuwa, na kwenye kona abiria fulani alikuwa amechora moyo kwa sarafu, ndani yake T na E.

Lempi alirudi na ndoo yake imejaa. Akaona. Akakaa kwenye kigoda bila kuvua kilemba. Nje ilionekana njia ya changarawe, na watu kuanzia kifundo cha mguu mpaka goti.

"Saimi kavaa viatu vya kanisani," akasema. "Leo Jumamosi. Kuna nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Kwa miaka hamsini na moja Lempi aliwajua watu kwa viatu. Alijua nani amepata kazi na nani amefukuzwa. Alijua nani anakuja kuongea dini, mapema kabla hajagonga, maana hao walipiga rangi mpaka kwenye soli. "Weka kahawa, Arvi, mchungaji anakuja, na amekasirika." Mchungaji alikuja, na alikuwa amekasirika. Mtoto wa Saimi alipotoka jeshini alipita pale na msichana, viatu vya watu wawili vikienda sambamba, na Lempi akasema, "Wataoana." Wenyewe walikuwa hawajajua.

Lempi alifariki mwezi wa tatu wa mwaka uliopita. Kigoda kilibaki pale pale. Ndoo ya maganda pia. Arvi hakukikalia kigoda. Alimenya viazi vyake amesimama.

Siku ile ya stika, Saimi alikuja bila kubisha, uso mwekundu kuliko nyekundu zake zote kumi na tisa.

"Shemeji! Umepata kijani kwenye dirisha?"

"Eeh."

"Lile la Lempi?"

"Eeh."

"Umemwambia ni la yule Löfhjelm?"

"Sikusema kitu."

Saimi alimtazama, akakaa. "Basi endelea hivyo hivyo. Ukisema umetoboa wewe, linapata nyekundu, na likipata nyekundu linazibwa. Umenielewa? Miaka themanini na miwili hujawahi kuongea, shemeji. Usije ukaanza leo."

Arvi akammiminia kahawa.

"Mimi nimejaribu," Saimi akasema. "Nimemwambia huyo daktari, Löfhjelm mwenyewe alikunywa kahawa kwenye baraza yangu. Akaniuliza mwaka gani. Nikasema sabini na nane. Akasema mwaka huo wote Löfhjelm alikuwa Brazili."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, basi alikuwa na kiu kweli."

Arvi hakucheka, lakini alimkatia kipande cha pili cha mkate.

Hakuwa amedanganya. Alijihakikishia hivyo kila asubuhi akipita mbele ya ile stika. Ameulizwa, amefikiri, mtu ameondoka. Kosa liko wapi? Na dirisha limebaki. Mtu akimtafuta Lempi katika nyumba ile, angempata pale tu. Kaburini kulikuwa na jina na miaka. Pale kulikuwa na alichokuwa anakiangalia.

Mwezi wa sita Daktari Inkeri aliandika habari ya dirisha katika gazeti la wasanifu, na watu wakaanza kuja. Walikuja kwa basi. Walivua viatu mlangoni kama kila mtu, wakalala kwa zamu, watatu watatu, maana jiko halikutosha wanne. Arvi alijifunza kuwaruka. Aliruka mgongo mmoja kufika kwenye maji, migongo miwili kufika kwenye jiko la kuni. Profesa kutoka Lund, Uswidi, mwenye soksi iliyotoboka kisigino, alisema Löfhjelm alikuwa anamfundisha binadamu wa leo kuinama. Mwenzake wa Denmark, aliyelala pembeni yake, akasema hapana, ni jicho la mbwa. Löfhjelm alikuwa na mbwa utotoni. Walibishana wote wawili wakiwa kifudifudi, mashavu karibu yanagusana, mpaka Mdenmark akashikwa na mkakamao wa mguu.

"Na hizi pembe za mviringo!" Profesa akasema. "Mwaka hamsini na nne! Nani mwingine alithubutu?"

Arvi alimjua mwingine aliyethubutu, mtengeneza mabasi. Akamruka, akaenda kutoa mkate kwenye oveni.

Kuhusu T na E, Daktari Inkeri alihangaika wiki sita. E ilikuwa rahisi. Mke wa Löfhjelm aliitwa Edith. Lakini T? Mwisho alipata barua ya shangazi mmoja, inayoonyesha kwamba Ragnar akiwa mtoto nyumbani aliitwa Totte. Alimpigia Arvi simu, analia kwa furaha. "Alichora mwenyewe, mzee wangu! Kwa mkono wake! Mtu aliyesemwa hana moyo!"

"Ahaa," Arvi akasema.

Saimi naye hakulala. Kila basi likifika alivaa mabuti yake ya mpira ya kijani, akapita njiani mara saba, huku na huku, polepole. Mwezi wa saba miguu yake ilitoka ukurasa mzima wa gazeti la nchi nyingine, chini yake imeandikwa "Mpita njia, bila jina." Alinunua nakala tano.

"Mguu wa kushoto umetoka vizuri," alisema.

Kitabu kilitoka mwezi wa tisa. Kilikuwa kizito kama matofali mawili. Daktari Inkeri alikileta mwenyewe, ameandika ndani jina la Arvi na shukrani. Sura nzima ilikuwa ya dirisha, kurasa karibu tisini. Arvi alisoma kwa kidole. Siku moja ukurasa mmoja, siku nyingine nusu. Alifika ukurasa wa mia mbili thelathini na moja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za tanbihi, paliandikwa hivi:

*Mkaazi wa nyumba, mke wa mwashi, hakuelewa maana ya dirisha. Kwa miaka mingi aliliwekea mbele kigoda na ndoo ya maganda ya viazi.*

Alirudia mara tatu, labda kidole kimeruka mstari. Hakikuruka.

Akavua miwani. Akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kesho yake Daktari Inkeri alikuja na tepu ya kupimia. Jumamosi kulikuwa na sherehe. Bodi ya makumbusho ilikuwa inaweka kibao cha shaba ukutani, *Dirisha la Löfhjelm, 1954*.

"Na hiki kigoda, mzee wangu," akasema, "tukiondoe. Kinaziba." Akatoa stika nyekundu, akaibandika juu, mahali pa kukalia.

Arvi aliacha hilo lipoe. Alikuwa na la kusema, lilikuwa linapanda. Lakini Daktari Inkeri alishakibeba kigoda na ndoo, akavipeleka stoo ya kuni, akarudi anapangusa mikono. "Asante kwa kunielewa," akasema.

Gari lilipoondoka Arvi akaenda kuvirudisha.

Saimi alimkuta njiani, kigoda kwapani. Akaona stika. Akaona uso wake.

"Shemeji. Siku nne tu. Kibao kikishapigwa misumari hakuna atakayeligusa hilo dirisha mpaka kiama. Nyamaza siku nne."

"Wameandika hakuelewa."

"Nani?"

"Lempi."

"Ni maneno ya kitabu tu," Saimi akasema. "Nani anasoma vitabu?"

"Mimi nimesoma," Arvi akasema, akaingia ndani.

Jumamosi walikuja watu kama arobaini. Profesa wa Lund alikuja na soksi mpya. Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho, Harri Puustelli, mtu mnene mwenye sauti ya kuita kivuko, alihutubia nusu saa. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Puustelli alishika kamba, kisha, kwa adabu tu, akamgeukia mwenye nyumba.

"Labda Mzee Kettumäki angependa kusema neno?"

Alishaanza kuvuta. Kila mtu alijua mzee hatasema.

Arvi aliacha swali lipoe. Watu wa Kuusijoki walisubiri, wanajua kusubiri. Wageni wa mji mkuu wakakohoa. Puustelli akabaki na kamba mkononi.

"Alielewa," Arvi akasema.

"Nani, mzee?"

"Lempi. Alilielewa. Nilimtobolea mimi. Mwaka sitini na moja."

"Mama yangu!" Saimi akasema kutoka nyuma. "Shemeji, nyamaza!"

"Kioo ni cha basi," Arvi akamalizia.

Profesa wa Lund alicheka kidogo, akaacha. Daktari Inkeri alikuwa amepauka kama chokaa. Alimsogelea taratibu, akamshika mkono, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Mzee wangu, umechoka. Ni mambo mengi. Una karatasi yoyote? Kibali cha ujenzi?"

"Sina."

"Picha?"

"Sina."

Watu wakapumua. Puustelli akasema kwa upole kwamba mzee amefiwa, sote tunajua, na akili ya mfiwa inachanganya vitu. Akaishika tena kamba.

"Matofali ninayo," Arvi akasema.

"Matofali gani?"

"Niliyoyatoa."

Watu arobaini walikwenda stoo ya kuni. Nyuma ya magogo, chini ya kipande cha bati, yalikuwepo matofali mia moja na kumi na mawili, yamesafishwa chokaa, yamepangwa kwa mistari. Yalikuwa yamekaa pale miaka hamsini na miwili. Kila moja lilikuwa na muhuri wa tanuru la Kuusijoki, lile lile lililochoma matofali ya nyumba hizi, lililofungwa mwaka hamsini na sita.

"Lakini kwa nini," Daktari Inkeri akauliza, "kwa nini uliyaweka?"

Arvi hakuelewa swali. Alimtazama kuona kama anatania.

"Ni matofali," akasema. "Mazima."

Wenyeji wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata wao kwao kulikuwa na milango isiyo na nyumba, na vifuniko vya sufuria zilizokwisha kutoboka zamani.

Puustelli alikuwa amepiga magoti. Alilishika tofali moja kama mtoto mchanga. Miaka miwili alikuwa ametafuta matofali ya tanuru lile nchi nzima, kuziba matundu yote yaliyotobolewa na wenye nyumba, na hakupata hata moja. "Mungu wangu," alikuwa anasema. "Mia moja na kumi na mawili."

"Na T na E?" Mdenmark akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui," Arvi akasema. "Mtu wa basi."

Daktari Inkeri akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Hakuna aliyemkaribia. Saimi ndiye aliyemletea kahawa. "Kunywa, mwanangu," akamwambia. "Angalau sasa unajua ninavyojisikia mimi na baraza yangu."

Bodi ilikutana Jumatatu. Dakika kumi zilitosha. Kanuni ni kanuni. Kilichokuja baadaye kinang'olewa, na zaidi ya hapo, kwa bahati ambayo haijawahi kutokea, matofali yenyewe ya asili yalikuwa yamepatikana. Kazi ilitaka mwashi anayejua kuchanganya chokaa ya zamani. Katika orodha ya mji kulikuwa na jina moja.

Puustelli hakutaka kutuma barua. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na soksi zake, anazungusha kofia.

"Mzee, ninaona aibu kukuomba. Tungetafuta mtu kutoka mbali, lakini..."

"Ataharibu," Arvi akasema.

"Inawezekana."

"Acha. Nitaziba mimi."

Puustelli akafungua mdomo kushukuru.

"Lakini mlete yule daktari kwanza," Arvi akasema.

Daktari Inkeri alikuja Alhamisi. Alikuwa amekonda. Hakulala sakafuni. Alikaa mezani, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kitabu kilikuwa kati yao.

"Kinasema hakuelewa," Arvi akasema.

"Kimeshachapwa, mzee wangu."

"Eeh."

"Kiko madukani."

"Eeh."

Kikaja kimya. Kila mara kimya kilipokuja Daktari Inkeri alikuwa anakijaza yeye. Safari hii alijizuia. Arvi aliona anavyojizuia, midomo imebana, shingo imekakamaa. Saa ya ukutani iligonga nusu. Kahawa ikapoa.

"Kuna nakala mia mbili na arobaini bado ziko ghalani," akasema mwishowe. "Naweza kubandika karatasi ndani. Kila moja. Na zitakazochapwa baadaye nitarekebisha." Akatoa kalamu. "Niandike nini?"

Arvi akaacha lipoe.

"Alielewa."

Daktari Inkeri aliandika, akakata, akaandika tena, kisha akasoma kwa sauti. "Dirisha linalozungumziwa katika sura hii lilitobolewa mwaka 1961 na Arvi Kettumäki, mwashi, kwa ajili ya mkewe Lempi, ambaye alielewa."

"Hapo sawa."

"Alielewa nini? Wasomaji watauliza."

"Waulize," Arvi akasema.

Ijumaa asubuhi akaloweka matofali. Akachanganya chokaa kwa mkono. Akafunga uzi, akaning'iniza timazi. Kioo alikitoa kizima, akakiegemeza ukutani. Alianza safu ya chini. Tofali, chokaa, gonga, futa. Tofali. Tundu likawa dogo kama mkate, na njia ikawa ukanda mwembamba tu.

Kwenye ukanda huo vikaja viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi, vyenye kifungo pembeni. Vikasimama.

"Shemeji," sauti ya Saimi ikatoka nje. "Leo si Jumapili. Lakini nimeona nivae."

Arvi alivitazama. Vilikuwa vikubwa kidogo kwa mguu wake. Lempi alikuwa akisema hivyo siku zote, na Saimi hakuwahi kukubali.

"Vizuri," akasema.

Viatu vilibaki pale mpaka tofali la mwisho.

Adhuhuri Puustelli akaja, akapitisha kiganja ukutani, hakuweza kuona palipoanzia wala palipoishia. Akabandika stika ya kijani. Wiki ile ile baraza ya Saimi ikang'olewa. Saimi akaendelea kunywa kahawa yake mahali pale pale, kwenye kiti, nje, na koti la manyoya, anapigwa na upepo, anawasalimia wapita njia kwa hasira.

Wageni hawakukoma. Walipungua tu. Walivua viatu, wakalala, wakautazama ukuta. Profesa wa Lund aliandika kwamba dirisha lililozibwa lina kina zaidi, na kwamba mwanzoni hakuwa ameliona vizuri kwa sababu ya mwanga. Arvi aliwaruka kama zamani.

Vitabu vililetwa na gari mwezi wa kumi na moja, katoni kwa katoni. Daktari Inkeri alileta karatasi ndogo zimechapwa, na gundi. Wakakaa mezani watatu, Saimi amevaa miwani miwili, moja juu ya nyingine. Daktari Inkeri alifungua ukurasa. Saimi alipaka gundi, na kulalamika. Arvi alibandika.

"Huyu Löfhjelm," Saimi akasema kwenye kitabu cha hamsini, "wewe daktari, miaka kumi na mmoja. Ulimpenda?"

Daktari Inkeri hakujibu papo hapo. Alifungua vitabu vitatu.

"Sijui," akasema. "Namjua meno yote."

Kilichomalizika Arvi alikiweka chini, kando ya kigoda. Kitabu juu ya vitabu viwili, katikati ya maungio. Mwisho wa safu alikigeuza upande. Ilipofika jioni safu zilikuwa zimefika kiunoni, zimenyooka.

"Shemeji," Saimi akasema, "unajenga."

Arvi akageuka, akatazama. Maungio yalikuwa yamepishana kama yanavyotakiwa.

"Eeh," akasema.

Daktari Inkeri alimsogezea kingine, kimefunguliwa ukurasa wa mia mbili thelathini na moja. Arvi akaweka karatasi juu ya ile tanbihi, akainyoosha kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kisha akabana kidole gumba juu ya neno la mwisho, akakiacha hapo mpaka pakauke.